Misumari Miwili ya Mzee Ulysse

Wifi yangu Renella Lirette akikanyaga sakafu yako, usidhani amekuja kukusalimu. Anasikiliza mbao. Atasimama katikati ya sebule na kikombe cha kahawa mkononi, aegemee mguu mmoja, kisha wa pili, na kabla hujamkaribisha kiti atakwambia kwamba boriti iliyo chini ya jokofu lako imeanza kuoza. Kuna wanaosema hiyo ni jeuri. Mimi niliyeolewa na kaka yake namjua kuliko wao, na nasema ni jeuri kweli, lakini boriti huwa imeoza.

Hapa Bayou Perdrix barabara inafuata mto mpaka inapoishia kwenye kinamasi, na karibu kila nyumba ya zamani iliyo kando yake ilijengwa na baba yake, Mzee Ulysse. Renella alikulia juu ya mapaa hayo. Wenzake walipokuwa wakicheza kusukana nywele, yeye alikuwa amekaa kwenye kenchi na misumari mdomoni, baba yake akimwita paka wa paa. Alipokua aliuza rangi na vifaa vya ujenzi katika duka moja la mjini. Akachumbiwa mara mbili, na mara zote mbili akavunja uchumba mwenyewe. Yule wa pili, anasema, aliweka mlango wa bafu ambao ukiufungua unagonga choo, na alipoonyeshwa hakuona tatizo. Tunamcheka sana kwa hilo. Naye hucheka pamoja nasi, wala hajuti.

Kisha kikaja kimbunga kilichochukua nyumba yangu. Sitakieleza. Waliokiona wanakijua, na wasiokiona hawataniamini. Ninachotaka kueleza ni waliokuja baada yake: wanaume wenye malori mapya na kofia safi, wakibisha hodi nyumba kwa nyumba, wanachukua malipo ya awali, wanang'oa bati zilizobaki, wanasema kesho tunarudi. Mpaka leo tunawasubiri. Kwa hiyo wabunge wa jimbo huko Baton Rouge walipopitisha sheria mpya kwamba kila ajengaye nyumba ya mtu kwa malipo awe na leseni, na leseni aifanyie mtihani, sisi tulipiga makofi. Bibi mmoja kanisani aliwaombea wabunge kwa majina.

Mkuki kwa nguruwe, ndugu zangu. Tulidhani sheria imetungwa kwa ajili ya wezi tu. Kumbe Mzee Ulysse naye ni mjenzi asiye na leseni, sawasawa na wale wa kofia safi. Na kulikuwa na mengine. Leseni haiazimwi: ukitia jina lako kwenye kazi usiyoisimamia, unanyang'anywa. Na nyumba mpya sharti ifungwe kwa mikanda ya chuma kutoka kenchi hadi ukuta, kutoka ukuta hadi sakafu, kutoka sakafu hadi nguzo, ili upepo usipate pa kuitenganisha.

Mzee Ulysse alikataa mtihani katakata. Alisema amejenga nyumba ya hakimu na ya padri, na anayetaka kumtahini aende akaziulize nyumba hizo. Renella hakubishana naye. Alisoma kimya kimya nyuma ya kaunta ya duka, akaenda kufanya mtihani, akafaulu mara ya kwanza, akaacha kazi, akanunua lori la mtumba na kuandika jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu. Sote tulijua maana yake. Leseni ile ikimponyoka, hana pa kurudi. Dukani walikwisha kumweka mwingine mahali pake.

Sasa lazima uelewe jambo moja kuhusu watu wa mto huu. Sisi tunaazimana. Mashua, nyavu, lori, gauni la harusi, vyote vinazunguka. Sufuria kubwa ya Mzee Ulysse, ile ya kupikia mchuzi wa bamia na kamba wa kulisha kanisa zima, imelala nyumba nyingi kuliko padri. Anayenyima sufuria husemwa mpaka kwenye mazishi yake. Kwa hiyo rangi ya ubavuni mwa lori haijakauka vizuri, binamu Dudley, mtoto wa dada yake Mzee, alikuja kuazima leseni. Alikuja kwa unyoofu kabisa, kama mtu anayeomba ngazi. Alikuwa amepata nyumba ya kujenga ng'ambo ya mto, anataka jina tu.

"Nitakurudishia Jumamosi," alimwambia.

"Dudley, utanirudishia nini? Jina?"

"Si litakuwa halijatumika sana."

Renella alimwambia kwamba sufuria ikirudi imeungua, inasuguliwa kwa mchanga. Jina likirudi limeungua, utalisugua kwa nini? Dudley akaondoka amenuna, na kufika jioni mto mzima ulikuwa umesikia kwamba binti Ulysse amekuwa mchoyo. Mimi nilimwambia asijali, nguo ya kuazima haisitiri matako. Akanijibu kwamba hakuwa na mpango wa kujali.

Mtihani wenyewe, sio ule wa karatasi, ulikuja baba yake alipotaka kujenga nyumba yetu. Mume wangu Curtis anafanya kazi kwenye meli za kuvuta mizigo, wiki kadhaa yupo majini na wiki kadhaa nyumbani, na siku zote hizo mimi nilikuwa nikiishi uani kwenye kibanda cha magurudumu ambacho ukipiga chafya unajigonga kichwa. Mzee alikuja na tepu yake ya kupimia, akaanza kupima uwanja bila kuuliza mtu. Kwake lilikuwa jambo dogo: mwana anajengewa na baba, binti anatia jina. Renella aliteremka kwenye lori, akamwacha apime mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba nyumba hii atajenga yeye Renella, na kwamba kama Baba anataka kazi, atamwajiri.

Sijapata kuona mzee akikunja tepu polepole vile. Alienda zake bila kuaga.

Nilimfuata kwake na bakuli la wali na maharage mekundu. Nilimbembeleza, nikamkumbusha kwamba msimu wa vimbunga hausubiri watu wamalize kununa. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba mbele za watu asiitwe kibarua. Renella naye akaweka lake: akiwa saiti, neno lake ndilo la mwisho. Kuanzia siku hiyo Mzee akawa anamwita Bosi. Bosi, nikate wapi? Bosi, naruhusiwa kukohoa? Vijana waliokuwa wakibeba mbao walikuwa wakifa kwa kicheko. Renella alijibu kila swali kana kwamba limeulizwa kwa dhati. "Kohoa, Baba, lakini teremka kwanza." Hilo lilimkera Mzee kuliko tusi.

Na kazi ilikwenda, nikwambie ukweli. Nilikuwa nikikaa na kahawa yangu nikiwatazama, baba upande huu wa mbao na binti upande ule, wananyoosha mkono bila kuangaliana na kila mmoja anapata kifaa alichokitaka. Nguzo zilisimama juu kiasi kwamba lori lingeweza kuegeshwa chini ya sakafu. Kuta zikapanda, bati likaezekwa. Renella alikuwa na kazi nyingine ya paa jirani, lakini kila asubuhi na kila jioni alikuja kukagua. Kufunga mikanda ya chini, ile inayoshika sakafu kwenye nguzo, alimwachia Mzee. Alisema angemwamini nani kama si yeye?

Siku ya mkaguzi wa wilaya kuja, Renella alifika mapema. Akaenda chini ya nyumba na kikombe chake, akatazama juu. Kisha akaiweka kahawa chini na kuchukua ngazi. Alipanda kwenye nguzo ya kwanza, akashuka, akapanda ya pili, akashuka, akaenda mpaka ya mwisho. Kila mkanda wa chuma una safu ya matundu, na kila tundu linataka msumari. Mzee alikuwa amepiga miwili kila mkanda, mmoja juu, mmoja chini.

"Baba," akaita. "Misumari mingine iko wapi?"

"Kwenye boksi."

"Na matundu je?"

"Matundu hayashiki nyumba, Bosi. Mimi nimepiga ya kutosha."

Hakuwa amechoka, wala hakuwa amesahau. Mzee Ulysse hasahau msumari. Alieleza bila aibu yoyote, na kila mtu wa ukoo wetu angeweza kumalizia maneno yake, maana kisa hicho kinasimuliwa kila Krismasi. Alipokuwa mdogo, maji ya kimbunga yalipanda usiku. Nyumba ya mama yake ilikuwa imekaa tu juu ya matofali, haijafungwa. Maji yakainyanyua taratibu, yakaipeleka hadi shamba la miwa la jirani, yakaiweka. Kulipokucha walikuta sanamu ya Bikira Maria imesimama kabatini na vikombe viko kwenye misumari yake. Wakaifuata kwa matrekta wakairudisha nyumbani. Jirani aliyefunga nyumba yake kwa minyororo kwenye mti hakupata hata mlango. Ndio maana watu wa huku maji yakija huwafungulia ng'ombe kamba. Aliyefunguliwa hurudi, aliyefungwa hufa palepale. Mzee alikuwa amepiga misumari miwili ili mkanda uonekane, na ili maji yakija nyumba ing'oke ielee.

Renella alimwambia apande akamalizie. Mzee akasema hatamfungia mwanawe kifo. Hapo mimi nikaingilia. Niliona vumbi la gari barabarani, nikajua ni mkaguzi. Nikamwambia Renella kwamba mkaguzi hatahesabu matundu, kwamba amwache aipitishe nyumba leo tuhamie, mengine yatajulikana baadaye.

"Wifi," akasema, "ni wewe utakayelala humu ndani."

"Na ni mimi ninayelala kibandani," nikamjibu. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Mtu asiyeishi kwenye kibanda asinifundishe uvumilivu.

Mkaguzi, Bwana Marcel Picou, ni mtu wa hapahapa. Nyumba aliyozaliwa ilijengwa na Mzee Ulysse. Alizunguka akikagua nyaya, ngazi za mbele, madirisha, akaridhika. Alipofika chini ya nyumba aliinua kichwa tu, akaona mikanda inang'aa kila mahali penye kutakiwa mkanda, akacheka. Alisema kama ni kazi ya mkono wa Mzee, yeye ni nani wa kupanda ngazi. Akatoa kalamu. Mzee alikuwa amesimama pembeni, kidevu juu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga mapazia kichwani.

"Usitie sahihi, Bwana Picou," Renella akasema. "Panda uangalie."

Bwana Picou alidhani anatania. Hakuwa anatania. Alimsogezea ngazi mwenyewe. Mkaguzi akapanda, akakaa huko juu muda, akashuka bila kumtazama mtu usoni. Nyumba haikupita ukaguzi, na aliyeandikwa kuwa ameshindwa ni mwenye leseni, Renella Lirette. Bwana Picou akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mara hii ni marekebisho tu, lakini akija mara ya pili akute vilevile, itabidi jina lake lipelekwe kwa wanaotoa leseni. Renella akashukuru. Mzee alichukua mkanda wake wa vifaa, akautundika begani, akaondoka kwa miguu akifuata mto.

Nilikasirika mpaka nikakosa maneno, na si jambo la kawaida kwangu. Nilipoyapata nilimwuliza kwa nini asipande mwenyewe apige hiyo misumari, kazi ya asubuhi moja, tumalize. Alikuwa akikusanya nyaya, hakusimama.

"Nikiipiga mimi, nitapata nyumba na nitapoteza fundi. Aliyeyaacha matundu ndiye atakayeyaziba."

"Na asiporudi?"

"Atarudi. Ameacha msumeno wake."

Siku zikapita. Msumeno ulikaa palepale chini ya nyumba, nikawa naupita kila ninapoenda kuanika nguo. Curtis alipiga simu kutoka majini, nikamwambia dada yako ni kichwa mbuzi, naye akaniambia hilo alilijua kabla hajanioa. Radio ikaanza kutaja majina ya vimbunga vya mwaka huo.

Siku moja nilimpelekea Mzee chakula, nikamkuta barazani akimenya kamba, na Dudley amekaa mbele yake akizungumza kwa huruma nyingi. Alikuwa akimwambia kwamba lililotendeka ni aibu, binti kumvua baba yake nguo mbele ya serikali. Kisha akafika kwenye lake.

"Sasa wewe mjomba, kama baba, mwite. Mwambie akurudishie heshima yako. Anipe jina kwa nyumba moja tu, tuyamalize."

Mzee aliendelea kumenya. Alimaliza kamba aliokuwa nao mkononi, akafuta vidole.

"Dudley, sufuria yangu iko wapi?"

"Iko kwangu, mjomba."

"Tangu lini?"

Dudley akatazama miguu yake. Alisema tangu Pasaka.

"Basi kaanze na sufuria," Mzee akasema. "Na ukimtaja tena binti yangu barazani kwangu, usije hata na sufuria."

Nikarudi nyumbani haraka kuliko nilivyokwenda. Nilimwambia Renella kila neno, pamoja na jinsi Dudley alivyojikwaa kwenye ngazi. Alisikiliza huku akinoa penseli yake kwa kisu. Kisha akaingia kwenye lori, nami nikaingia upande wa pili kabla hajanikataza, maana nyumba ni yangu na nilitaka kusikia.

Hakumwomba radhi baba yake. Alikaa kwenye kiti alichotoka Dudley, akachukua kamba mmoja, akaanza kumenya. Wakamenya hivyo wawili, mimi nikisimama kama mlingoti. Halafu akamwambia kwamba kile kisa cha nyumba ya bibi anakiamini chote, na vikombe vyote. Lakini nyumba ya bibi ilikuwa chini, maji yaliikuta magotini. Hii sakafu yake iko juu kuliko paa la ile. Anayekuja kwa nyumba ya juu si maji, ni upepo, na upepo hauweki nyumba kwenye shamba la miwa. Unaimwaga.

Mzee akafikiri. "Na maji yakifika huko juu?"

"Yakifika huko juu, Baba, hatabaki mtu wa kwenda kuitafuta na trekta."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo. Mzee akatazama mto, ambao siku hiyo ulikuwa umetulia, haujafanya ubaya wowote. Nilimwona akiyameza maneno yale. Alikuwa ameishi maisha yake yote na ile nyumba iliyorudi, na sasa mwanawe wa kumzaa anamwambia mto si ule tena. Nilimhurumia, nasema wazi. Nilitaka nyumba yangu, lakini nilimhurumia.

"Ungeniambia kabla ya Marcel kufika," akasema hatimaye.

"Nilikuambia. Ukasema hutamfungia mwanao kifo."

"Nilisema hivyo?"

"Alisema?" Renella akanigeukia.

"Ulisema, Baba," nikamwambia.

Akaguna. Akatuuliza kama msumeno wake umepata kutu.

Kesho yake alikuja na boksi la misumari. Hakutaka msaada. Vijana walijitolea, akawafukuza. Renella alitaka kumshikia ngazi, akamwambia Bosi aende akafanye kazi za mabosi. Alipanda nguzo kwa nguzo, na mimi niliyekuwa jikoni kibandani nilisikia nyundo ile tangu asubuhi, haikimbii wala haichoki, mpaka nikaizoea kama saa ya ukutani. Alipomaliza alipita tena chini ya kila nguzo akigusa mikanda kwa kidole. Alikula sahani mbili.

Bwana Picou akarudi. Safari hii alikuja na haya kidogo, kama mtu aliyewakuta watu wakigombana na sasa hajui asalimie vipi. Watu wa jirani walikuwa wamekuja pia, eti kupita tu, na Dudley alikuwa nyuma yao na ile sufuria, imesuguliwa mpaka inang'aa. Renella alisimama karibu na lori, mikono mifukoni. Najua alikuwa na hofu, maana alikuwa amekanyaga ardhi kwa mguu mmoja, kisha wa pili.

Mkaguzi alisimama chini ya nyumba, akainua kichwa, akaona kwamba matundu yamejaa. Hata mimi niliyaona kutoka pale nilipokuwa. Akatabasamu kwa Mzee, akasema inatosha, macho hayadanganyi, na hakuna haja ya kumsumbua mzee wa watu mara mbili. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu.

Mzee Ulysse alikuwa ameshaichukua ngazi. Aliiegemeza kwenye nguzo ya kwanza, akaitikisa kuona kama imekaa sawa.

"Panda, Marcel," akasema. "Bosi wangu hapokei sahihi ya mtu aliyesimama chini."

Safari hii hakuna aliyecheka, hata wale vijana. Mzee akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, mkaguzi akapanda.